Bunduki za Kuzungushwa kwa Mkono na Upande wa Pili wa Mtutu

Nitazungumzia bunduki ambazo zimekwisha kustaafu vitani: zile za karne ya 19 zilizofyatuliwa kwa kuzungusha mkono wa chuma uliofungwa ubavuni au nyuma yake. Maarufu kuliko zote ni Gatling. Wapo watu, hasa Marekani, wanaozitafuta, kuzinunua, kuzikarabati, na hata kuziunda upya kwa kufuata michoro ya zamani. Ukizisikia habari zao kwa mara ya kwanza utauliza: mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anatafuta nini kwenye silaha ya mwaka 1877? Na sisi huku Afrika Mashariki yanatuhusu nini?

Jibu langu nalitoa mapema. Kazi hiyo, ikifanywa kwa uaminifu na ndani ya sheria, ni kazi ya heshima, kwa sababu inatunza ushahidi. Ushahidi huo unatuhusu, maana silaha za aina hii zilielekezwa kwa Waafrika wenzetu, na moja ilifungwa kwenye meli ya Sultani wa Unguja, meli ambayo mabaki yake bado yapo chini ya maji mbele ya Mji Mkongwe. Lakini mkusanyaji anayekitunza chuma bila kuwataja watu waliosimama mbele yake amefanya nusu ya kazi. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Tuanze na mwenyewe. Richard Jordan Gatling alizaliwa mwaka 1818 katika jimbo la North Carolina. Kabla ya bunduki, wakulima ndio waliomjua. Aliunda mashine ya kupandia mbegu, kwanza za mpunga, baadaye za ngano, na ikampatia fedha na jina. Alisomea pia udaktari, ingawa hakuufanya kuwa kazi yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, alikuwa akiishi Indianapolis. Pale aliona askari wakiondoka kwenda vitani, na aliona namna walivyorudi: majeruhi, wagonjwa, na maiti. Katika barua aliyoiandika mwaka 1877 alieleza kwamba wengi wa waliokufa hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi ya kambini. Akajiambia kwamba ikipatikana bunduki itakayomwezesha mtu mmoja kufanya kazi ya watu mia, majeshi makubwa hayatahitajika tena, na vijana wengi watanusurika na vita na maradhi yake. Tarehe 4 Novemba 1862 akapewa hataza ya bunduki yake.

Msikilizaji, sina sababu ya kudhani kwamba mtu huyu alisema uongo. Aliamini alichokisema. Lakini historia imekwisha kutoa hukumu. Majeshi hayakupungua hata kidogo. Yalichukua mashine ile, kisha yakaongeza watu. Somo hilo pekee linatosha kuwa sababu ya kuitunza bunduki ya Gatling, ili kila kizazi kikutane na mfano wa nia njema iliyozaa kitu kilichomshinda mwenye nia.

Sasa tuitazame kwa karibu, maana bila kuelewa inavyofanya kazi hatutaelewa kwa nini mafundi wanaipenda. Chukua mitutu sita, au kumi katika matoleo ya baadaye, ipange duara kuzunguka mhimili mmoja wa chuma. Nyuma ya kila mtutu kuna komeo lake, na ndani ya kila komeo kuna pini ya kugonga pamoja na springi yake. Mitutu na makomeo huzunguka kwa pamoja. Kinachobaki palepale ni kasha la nje, na kwenye ukuta wa ndani wa kasha hilo kumechongwa mfereji unaokwenda mshazari. Kila komeo lina kinundu kidogo kinachotembea ndani ya mfereji huo. Siri yote ipo hapo.

Unapozungusha mkono, gia zinalizungusha kundi zima. Kwa kuwa mfereji umekwenda mshazari, komeo linalazimika kusogea mbele na kurudi nyuma, kila moja kwa zamu yake. Juu kabisa, risasi inadondoka kwa uzito wake yenyewe kutoka kwenye chombo cha risasi na kulala mbele ya komeo. Komeo linapoteremka upande mmoja, linaisukuma ile risasi iingie mtutuni. Linapofika chini, pini inaachiwa, inagonga, risasi inatoka. Linapopanda upande wa pili linarudi nyuma, na kucha yake inalivuta ganda tupu na kulitupa nje. Likifika juu, risasi nyingine imekwisha kushuka.

Angalia hesabu yake. Kila mtutu unapiga mara moja tu kwa kila mzunguko mmoja. Bunduki ya mitutu kumi ikipiga risasi 400 kwa dakika, kila mtutu umepiga 40 tu. Hivyo mtutu unapata nafasi ya kupoa kidogo, na fundi hakuhitaji chuma cha ajabu ili kuuzuia usiharibike kwa joto. Gatling hakuvumbua baruti mpya wala risasi mpya. Aligawa kazi. Na mtu aliyewahi kuwaza namna ya kudondosha mbegu mojamoja kwa mpangilio, ardhini, safu kwa safu, hakuwa mbali sana na wazo la kudondosha risasi mojamoja kwa mpangilio.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1861 Rais Abraham Lincoln alionyeshwa bunduki ya Wilson Agar, yenye mtutu mmoja na chombo cha risasi juu yake, naye akaifananisha na mashine ya kusagia kahawa. Jina hilo likaiganda mpaka leo. Baadaye akaja William Gardner wa Ohio na bunduki ambayo mitutu yake imelala ubavu kwa ubavu bila kuzunguka, huku mkono ukiendesha makomeo peke yake. Akaja pia Msweden, Helge Palmcrantz, ambaye bunduki yake ilipewa jina la mwenye fedha, Thorsten Nordenfelt. Hiyo haizungushwi, huendeshwa kwa wenzo unaosukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Benjamin Hotchkiss, Mmarekani aliyehamia Ufaransa, akaunda mzinga wa mitutu mitano wa kupiga makombora ya milimita 37. Zote hizi zilitegemea nguvu ya mkono wa binadamu. Mkono ukisimama, bunduki imesimama.

Kisha mwaka 1884 Hiram Maxim akaunda bunduki inayotumia teke lake yenyewe kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Hapo zama za mkono wa kuzungusha zikaanza kufifia. Hata hivyo Gatling ilikawia kuondoka. Tarehe 1 Julai 1898, katika vita vya Wamarekani na Wahispania kisiwani Cuba, Luteni John Parker alizitumia kwenye vilima vya San Juan. Mwaka 1911 Jeshi la Marekani likatangaza kwamba zimepitwa na wakati.

Silaha iliyotangazwa kuwa haina kazi huenda wapi? Nyingi ziliuzwa kama mali chakavu. Mfanyabiashara Francis Bannerman wa New York aliziweka kwenye katalogi yake pamoja na mahema, matandiko ya farasi na mapanga ya vita vilivyopita. Nyingine ziliyeyushwa. Chache zikabaki kwenye viwanja vya miji, kwenye makumbusho, na kwenye maghala ambako watu walisahau kilichomo. Na zile za kwanza kabisa hazipo. Gatling aliziagiza kwenye kiwanda kimoja cha Cincinnati, kiwanda kikaungua, zikateketea pamoja na michoro na violezo vyake. Mvumbuzi mwenyewe alilazimika kuanza upya.

Ndiyo maana leo Gatling halisi ni adimu, na mara nyingi bei yake mnadani huvuka dola 100,000. Mkusanyaji makini hanunui kwa macho. Anatazama namba iliyopigwa kwenye chuma, anatazama herufi za mkaguzi wa jeshi aliyeipokea, anatazama kama namba ya komeo inalingana na ya bunduki, kama magurudumu ya kigari ni ya wakati ule au yamefungwa juzi. Anatafuta barua, risiti na orodha za ghala. Bunduki yenye karatasi zake ina habari ya kusimulia. Isiyo na karatasi ni shaba na chuma tu.

Utauliza, inawezekanaje raia kumiliki kitu kama hicho? Marekani ilitunga sheria mwaka 1934 iliyozibana sana bunduki za rashasha. Sheria hiyo inazungumzia bunduki inayopiga risasi zaidi ya moja kwa kuvuta kifyatulio mara moja. Gatling ya kuzungushwa haina kifyatulio cha namna hiyo. Kila risasi inadai mkono uendelee kufanya kazi. Mwaka 1955 mamlaka za serikali kuu zikaamua kwamba Gatling za zamani, pamoja na nakala zake za kuzungushwa kwa mkono, hazihesabiwi kuwa rashasha chini ya sheria ile. Lakini ukiondoa mkono ukafunga mota ya umeme, mambo yanabadilika kabisa: uamuzi wa mwaka 2004 ulisema wazi kwamba bunduki ya mitutu mingi inayoendeshwa kwa umeme ni rashasha. Aidha, majimbo yana sheria zake, na zinatofautiana. Kwa hiyo hata huko Marekani mwenye bunduki hizi anatembea na kitabu cha sheria mkononi, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa wasio na dola laki moja, njia iliyobaki ni nakala. Miaka ya karibuni jina la Colt, kampuni iliyokuwa ikitengeneza Gatling kule Hartford tangu karne ya 19, limeonekana tena kwenye nakala za toleo la mwaka 1877 lililopewa jina la Bulldog: mitutu mitano mifupi iliyofunikwa kwa kasha la shaba nyeusi, mkono ukiwa nyuma badala ya ubavuni. Nakala kama hizo nazo huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Wapo pia mafundi wa nyumbani wanaounda Gatling ndogo za risasi nyembamba kabisa, kazi ya miezi mingi kwenye mashine ya kukereza.

Sasa hebu tuingie karakanani, maana mafundi wanaonisikiliza, wa Gerezani Dar es Salaam na wa Kamukunji Nairobi, watanielewa haraka kuliko maprofesa. Kasha la shaba nyeusi humiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Shaba ikipoa hunywea, kwa hiyo kiolezo cha mbao lazima kiwe kikubwa kidogo kuliko kitu chenyewe, na fundi asiyelijua hilo atatoa kasha lisiloingia mitutu yake. Mfereji wa mshazari nao lazima uchongwe laini, maana pakiwa na kona kali mkono utakwama palepale kila mzunguko. Halafu kuna makomeo. Yakiwa matano, lazima yote matano yawe sawasawa. Yakiwa kumi, yote kumi. Nafasi kati ya uso wa komeo na kitako cha risasi inapimwa kwa vipimo vya chuma. Ikizidi, ganda linaweza kupasuka. Ikipungua, komeo halifungi. Kabla ya kufikiria baruti yoyote, fundi mwangalifu huzungusha mashine polepole kwa risasi bandia zisizo na kitu ndani, akisikiliza kwa sikio na kuhisi kwa kiganja panapokwaruza.

Na hapa ndipo nakala inapofundisha jambo ambalo bunduki ya makumbusho, iliyofungiwa nyuma ya kioo, haiwezi kulifundisha. Tunasoma vitabuni kwamba Gatling ilikuwa ikikwama. Kwa nini ikwame? Baruti nyeusi huacha masizi mazito yanayonata kwenye kila kona. Risasi isiyowaka papo hapo ni hatari zaidi: pini imegonga, baruti imechelewa, na mzungushaji mwenye pupa amekwisha kulipeleka komeo mahali pa kufunguka. Zaidi ya hayo, Waingereza wa miaka ya 1870 walitumia maganda yaliyoviringishwa kwa bati jembamba la shaba, na kitako chake kilikuwa kipande cha peke yake. Ganda likipata joto na uchafu lilishika ndani ya mtutu, kucha ikavuta, kitako kikang'oka, mwili wa ganda ukabaki ndani. Mtutu ule ukawa umekufa mpaka mtu aje kulichokonoa. Anayezungusha nakala kwa mkono wake mwenyewe anajua kwa nini askari mwenye hofu, anayezungusha haraka kuliko inavyotakiwa, ndiye aliyekuwa adui wa kwanza wa bunduki yake.

Tuipeleke elimu hiyo kwenye uwanja wa vita. Tarehe 22 Januari 1879, siku ileile Wazulu walipolishinda jeshi la Waingereza pale Isandlwana, safu nyingine ya Waingereza ilipigana kwenye mto Nyezane, na mabaharia waliokuwa nayo walikuwa na Gatling moja. Tarehe 4 Julai mwaka huohuo, Ulundi, makao makuu ya Mfalme Cetshwayo, Waingereza walijipanga katika umbo la mraba, wakiwa zaidi ya watu 5,000, na mbele katikati wakaweka Gatling mbili. Jemadari wao, Lord Chelmsford, baadaye alieleza kwamba zilikwama mara kadhaa katika mapigano yale, lakini zilipofanya kazi zilisaidia sana. Waingereza waliokufa siku ile hawakufika 20. Wazulu waliokufa walizidi 1,000.

Hapa nataka tuwe waangalifu, msikilizaji. Wengi wa waliouawa Ulundi walipigwa kwa bunduki za kawaida za askari wa miguu, kwa mizinga, na kwa askari wa farasi waliowafukuza walipokuwa wakirudi nyuma. Kusema kwamba Gatling ndiyo iliyowashinda Wazulu ni kuipa mashine sifa isiyostahili, na ni kuwanyima Wazulu haki yao. Vijana wale walilisogelea lile umbo la mraba huku wakijua kuna nini mbele. Mkusanyaji aliyesoma vizuri anajua tofauti hii, na anapaswa kuisema kwa sauti kila anapoionyesha bunduki yake, kwa sababu watazamaji wake wengi wamelishwa sinema zinazoonyesha mkono ukizunguka na maadui wakianguka kama majani.

Sasa turudi nyumbani. Sultani Barghash bin Said wa Unguja alikuwa na meli ya kifalme iliyoundwa Uskoti na kukamilika mwaka 1878. Ikaitwa Glasgow. Ilikuwa na mizinga midogo saba na bunduki moja ya Gatling. Barghash hakuipenda sana, na meli ile ilikaa bandarini kwa miaka mingi. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akashika kasri bila kibali cha Waingereza. Wakampa muda wa kuondoka hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Dakika mbili baada ya saa tatu, meli za kivita za Kiingereza zikafyatua. Kasri lilikuwa na bunduki za Maxim, Gatling na mizinga kadhaa. Glasgow nayo ikajibu mapigo dhidi ya meli kubwa ya kivita, ikapigwa, ikazama. Kabla ya saa nne kutimia yote yalikuwa yamekwisha. Upande wa Unguja takriban watu 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, na kutoka hapo akapelekwa Dar es Salaam.

Kwa nini silaha zile hazikumsaidia Khalid? Sababu ni moja: Gatling iliundwa kufyeka watu walio wazi, walio karibu, wasio na silaha inayolingana nayo. Mbele ya meli ya chuma yenye mizinga ya masafa marefu, haikuwa na la kufanya. Kumiliki mashine ya kisasa ni jambo moja. Kuwa na kiwanda, risasi, mafundi na meli nyuma ya mashine hiyo ni jambo jingine. Watawala wetu wa wakati ule walinunua, wakapewa zawadi, lakini uwezo wa kuunda ulibaki kwa wauzaji. Milingoti ya Glasgow ilibaki ikichomoza juu ya maji mbele ya mji kwa miaka mingi, hadi mwaka 1912 mabaki yalipokatwa na kuondolewa kwa sehemu. Kila aliyepita forodhani kwa miaka 16 aliiona.

Nimesema bunduki hizi ni ushahidi. Ushahidi una masharti yake, na sharti la kwanza ni ukweli. Nakala nzuri ni ile inayokiri kwamba ni nakala. Iwe na jina la aliyeitengeneza na mwaka wa kutengenezwa, umepigwa ndani ya chuma mahali pasipofutika kwa msasa. Fundi anayepiga namba za zamani juu ya kazi mpya, au anayeichafua shaba kwa dawa ili ionekane ya mwaka 1870, anaiba pande mbili: anamwibia mnunuzi fedha, na anaiba historia, maana mtafiti atakayekuja miaka 50 baadaye atajenga hoja juu ya uongo ule. Vivyo hivyo kwa anayekarabati. Kipande kilichobadilishwa kiandikwe. Cha zamani kilichotolewa kihifadhiwe, kisitupwe. Na shaba iliyoiva rangi kwa miaka 140 isisuguliwe mpaka ing'ae kwa ajili ya picha.

Sharti la pili ni tahadhari. Katikati ya miaka ya 1940 wahandisi wa Marekani waliokuwa wakitafuta bunduki ya ndege za kasi waliazima Gatling ya zamani kutoka makumbusho, wakaifunga mota ya umeme, nayo ikapiga kwa kasi ya risasi 5,000 kwa dakika kwa muda mfupi. Kutokana na utafiti ule ikazaliwa Vulcan ya mitutu sita, ambayo hadi leo imo kwenye ndege za kivita. Elimu iliyotunzwa haifi, na haichagui atakayeitumia. Anayeitunza lazima ajue hivyo.

Kwa upande wetu, nitazungumza wazi. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kutengeneza bunduki bila leseni ni kosa zito, na jina la nakala au la ukumbusho halitakuokoa mbele ya hakimu. Tumeona madhara ya magobori yanayotengenezwa vichochoroni, kwa wanyama wetu na kwa watu wetu. Simshauri mtu yeyote kuiga kazi ya karakana za Marekani.

Lakini yapo tunayoweza kufanya. Makumbusho zetu, kwa kibali cha polisi, zinaweza kuwapa mafundi wetu kazi ya kuunda mfano wa mbao wa mtambo ule, mkubwa, uliokatwa upande mmoja, usioweza kufyatua chochote. Mwanafunzi auzungushe kwa mkono, aone mfereji wa mshazari unavyosukuma komeo, ajifunze umakanika. Kisha asome ubao ulio pembeni yake unaoeleza Nyezane, Ulundi na Unguja ya 1896. Mtambo bila ubao huo ni mchezo wa kuigiza vita. Ubao bila mtambo hausomwi na mtu. Viwekwe pamoja.

Tufanye hima, kwa sababu tunapoteza. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883 na ambalo lilikuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar, liliporomoka kwa sehemu mwezi Desemba 2020. Wazee waliosikia habari za vita vya zamani kutoka kwa babu zao wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Wenzetu ng'ambo wanalipa dola laki moja kwa bunduki iliyopigwa Afrika, na wanajua jina la mkaguzi aliyeipokea kiwandani. Majina ya watu waliosimama mbele yake hawana. Hayo yapo kwetu, katika vinywa vya familia, na hakuna mnada unaoyauza.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu, msikilizaji wangu. Kwanza, ukikuta risasi, kombora au kipande cha silaha shambani au ufukweni, hasa maeneo kama Tanga, Taveta na Mahiwa yaliyopiganiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, usikiguse, usikigonge, wala usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Baruti ya zamani bado inaua. Weka alama mahali hapo, toa taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa polisi, kisha sisitiza makumbusho nayo ijulishwe. Pili, kama nyumbani kwenu kuna barua, picha au orodha ya majina kutoka enzi hizo, ipige picha, iandikie maelezo, na uipeleke kwenye nyaraka za taifa zilizo karibu nawe. Tatu, kaa na mzee mmoja wa ukoo wenu, umrekodi kwa simu yako akisimulia alichosikia kuhusu vita vya wakoloni, umtaje jina na umuulize majina. Fanya hivyo wiki hii, mzee akiwa bado anakumbuka.